Taa za umeme za barabarani
Taa za umeme za barabarani zilianza kushindana na taa za gesi mijini katika miaka ya 1870. Kilichozipa umaarufu ni “mshumaa” wa mhandisi Mrusi Pavel Yablochkov, aliyeusajili Paris mwaka 1876. Vijiti viwili vya kaboni vilisimamishwa sambamba, vikitenganishwa na udongo mweupe usiopitisha umeme. Cheche ya kudumu iliruka kati ya ncha zao na kutoa mwanga mkali mno. Mkondo geu ulitumika ili vijiti viungue kwa kasi moja. Kila mshumaa ulidumu chini ya saa mbili, na ukizimika haukuwashwa tena, kasoro kubwa kwa taa ya kukesha.

Mwaka 1878, wakati wa Maonyesho ya Dunia, barabara ya Avenue de l’Opéra jijini Paris iliangazwa kwa taa hizo ndani ya globu za kioo cheupe, huku mitambo ya mvuke ikizungusha jenereta. London ilifuata mwaka huohuo kando ya mto Thames, lakini mwaka 1884 ilirudia gesi kwa sababu ya gharama. Mwandishi Robert Louis Stevenson alikwisha kuilaani nuru hiyo; gesi ilimpendeza zaidi.

Nchini Marekani, mvumbuzi Charles Brush aliwasha taa 12 mjini Cleveland Aprili 1879. Mji mdogo wa Wabash, Indiana, ulitundika nne tu juu ya mahakama mwaka 1880.