Jina Nyasaye Katika Ukristo wa Kakamega

Wamisionari wa madhehebu ya Marafiki kutoka Marekani walipoanza kazi Kaimosi mwaka 1902, mahali palipohesabiwa baadaye katika Wilaya ya Kakamega hadi 1990, walilikuta jina Nyasaye vinywani mwa watu. Jina hilo huhusishwa na kitenzi saya, 'omba'. Yaani, ndiye aombwaye. Wamisionari walizipinga kafara za wazee, lakini jina lenyewe walilichukua, na Biblia ya Kilogooli ya 1951 yalitumia. Jina la Yesu, kwa upande wake, lilipokewa kutoka nje. Hivyo Mwana mgeni alijulishwa kwa jina la Baba aliyezoeleka. Utakatifu wa jina Nyasaye, basi, haukuletwa na tafsiri. Ulitokana na maombi yaliyoitangulia.