Malafu haingoji jubile

Kule Afrika ya Kusini, karibu na muji wa Cape Town, kuna shamba la divai lenye kuitwa Groot Constantia. Gavana Simon van der Stel alilianzisha mwaka 1685, na watumwa ndio walilima. Divai yake tamu ilifika mpaka Ulaya. Hata Napoleon, alipokuwa mufungwa kule Sainte-Hélène, alikuwa anaikunywa. Mashamba ya namna ile yakitimiza miaka 100 ao 300, wanafungua chupa za zamani, wanapanga meza ndefu, na wakubwa wanakula usiku muzima. Kwetu Kongo jubile kama zile ziko na viwanda vya pombe: Bralima ilizaliwa Léopoldville mwaka 1923, chupa za kwanza za Primus zikatoka mwaka 1926, na mwaka 2023 ikatimiza miaka 100. Sisi watu wa Kamina hatuna mizabibu. Lakini tuko na malafu, tena tuko na historia ya ufalme yenye kuanza na mutu aliyekataa kula mbele ya watu.

Kwanza tuseme kidogo juu ya malafu yenyewe. Divai inapata bei kwa kuzeeka. Malafu hapana. Mugema anapanda asubuhi, anafunga kibuyu, na maji ya muti yanaanza kuchacha yenyewe, bila kuongeza kitu. Asubuhi ni tamu, mangaribi inakamata kichwa, kesho yake inakuwa kali kama siki. Na muti wa rafia unatoa maua mara moja tu katika maisha yake, kiisha unakufa. Mwenye kuugema anakunywa muti muzima. Kwa hiyo hakuna mutu kwetu aliyeweka malafu ya wakati wa babu yake. Ukiwa nayo, unaita watu leo.

Wazee wanasimulia hivi. Nkongolo Mwamba, mutu wa ngozi nyekundu, alikuwa anatawala kwa ukali. Alikula na kunywa mbele ya watu wote, akikaa chini pamoja nao. Halafu akafika muwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe. Wakamuletea chakula, akakaa kimya, hakugusa. Walifikiri amekasirika. Mwishoni wakaelewa: hawezi kula macho ya watu yakimuangalia. Ikabidi wamutengenezee pahali pa kujificha. Mbidi akaoa dada za Nkongolo, Bulanda na Mabela, kiisha akarudia kwao, na Bulanda akamuzaa Kalala Ilunga.

Kijana alipokomaa, mujomba wake akamuogopa. Akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akafunika na mukeka, akamuita aje kucheza ngoma. Angalieni vizuri: mutego ule uliwekwa ndani ya sikukuu! Mupiga ngoma akamuonya kwa sauti ya ngoma yenyewe, Kalala Ilunga akakimbia kwa baba yake, akarudi na askari, na Nkongolo akakatwa kichwa. Tangu pale mulopwe wa Baluba anakula na kunywa kwa siri. Hiyo ni moja ya alama za bulopwe.

Kwa jirani zetu Balunda, malafu yenyewe ndiyo iliharibu nyumba. Nkond alikuwa anasuka mukeka, na kando yake chungu cha maji ya kulowanisha nyuzi. Watoto wake Kinguri na Chinyama wakarudi walevi, wakaona yale maji yamekuwa meupe, wakafikiri baba anamwanga malafu bure. Wakamupiga. Kabla ya kufa akawanyima lukano, bangili ya ufalme, akamupatia binti yake Ruwej, ambaye baadaye akaolewa na Chibinda Ilunga, muwindaji wa Kiluba.

Mwaka 1972 Mubelgiji Luc de Heusch alitoa kitabu juu ya hadithi hizi, akakiita « Le roi ivre », ni kusema mufalme mulevi. Yeye anaona ndani yake vita kati ya ukame na mvua, maana nkongolo katika Kiluba ni upinde wa mvua. Hatupingi. Lakini sisi wenye kukulia hapa tunasikia pia sheria ya meza. (Kuna Katoto ingine, upande wa Bukama, kando ya Lualaba, kwenye wataalamu walichimbua makaburi ya zamani sana mwaka 1959, wakakuta vyungu vizuri ndani. Tusichanganye na Katoto yetu.)

Miaka michache nyuma, masomo moja ya huku, jina tunaliacha, ilifanya jubile. Wazazi walichangishwa. Makazye ya pombe yalipangwa mbele ya meza ya wakubwa, moja juu ya ingine, ili watu wayaone. Watoto walikuwa wanachungulia kwa madirisha. Muzee zamu, aliyelinda masomo ile tangu matofali ya kwanza, alibaki kwa mulango, hakuna aliyemuita. Nasi hatukusema kitu. Tulikuwa na sahani mukononi.

Kesho yake asubuhi tulimupelekea kibuyu cha malafu. Alimwanga kidogo chini, akageukia ukuta, akakunywa. Kiisha akauliza ni nani aliyeigema, sababu ilikuwa nzuri. Tulimutajia jina. Akasema anamujua: yule mugema iko na vijana wanne, na hakuna hata mumoja mwenye kupanda muti.