Défi Wind

Défi Wind ni mashindano ya mbio ndefu za ubao wa tanga yanayofanyika huko Gruissan, mji mdogo wa pwani ya Mediteranea katika mkoa wa Aude, kusini mwa Ufaransa. Yalianzishwa mwaka 2001 na Philippe Bru, na kwa kawaida hufanyika mwezi Mei. Mbio moja ina urefu wa takriban kilomita 40: washiriki huenda kuelekea Port-la-Nouvelle na kurudi, mara mbili. Idadi yao imewahi kuzidi 1,000. Bingwa wa dunia kama Antoine Albeau, aliyeweka rekodi ya kasi ya ubao wa tanga huko Lüderitz, Namibia, mwaka 2015, huanza pamoja na watu wanaocheza siku za mapumziko tu.

Upepo

Gruissan imechaguliwa kwa sababu ya *Tramontane*, upepo mkavu na wa baridi unaotoka kaskazini-magharibi ukipita kati ya milima ya Pirenei na Massif Central. Upepo huo unaweza kupita kilomita 70 kwa saa. Kwa kuwa unakata pwani, mshiriki anaupata ubavuni wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na huo ni mwendo wa kasi kwa ubao wa tanga. Upepo ukiwa mkali, walio mbele humaliza chini ya saa moja, ilhali wengine hukaa majini kwa muda mrefu zaidi.

Lakini upepo huo hutoka bara kwenda baharini. Mvuvi wa pwani yoyote anajua maana yake: chombo kikiharibika hakisukumwi ufukweni, bali hupelekwa bahari kuu. Sehemu kubwa ya maandalizi inatokana na jambo hili moja.

Maandalizi ya vifaa

Kifaa cha kukaguliwa kwanza ni kiungo cha mpira kinachounganisha mlingoti na ubao. Kikikatika, tanga na ubao vinaachana na safari imekwisha. Mpira wenye nyufa hubadilishwa kabla ya safari, hata kama unaonekana utadumu siku moja zaidi. Baada ya hapo hukaguliwa kamba ya kuvutia tanga chini, skrubu za pezi, kanda za miguu na vitanzi ambamo ndoano ya mshipi wa kiunoni hukamatwa. Mshiriki hubeba pia kipande cha kamba ya akiba na filimbi. Maji ya mwezi Mei bado ni baridi, hivyo suti nene ya mpira ni ya lazima hata jua likiwaka.

Ukubwa wa tanga huwasumbua wengi. Karibu na ufukwe maji ni tulivu ila upepo huja kwa vishindo. Mbali zaidi mawimbi hukua. Tanga linalofaa ni lile ambalo mtu anaweza kulishika katika kilomita ya 35, akiwa amechoka. Wageni wengi huangalia jirani amefunga tanga gani na kuiga, bila kujali kwamba jirani ana uzito wa kilo 20 zaidi.

Maandalizi ya mwili

Anayezoea kwenda na kurudi kwa dakika chache kisha kupumzika hatakuwa tayari. Mazoezi hufanywa kwa kukaa majini saa nzima au zaidi bila kusimama. Mikono ya mbele ndiyo huchoka kwanza, mara nyingi kwa sababu vitanzi vimefungwa mahali pasipofaa: vikiwa sawa, mshipi hubeba mzigo na mikono huongoza tu. Mapaja nayo hupata taabu kwenye mawimbi.

Siku ya mbio

Mbio huanza kwa boti moja inayokimbia mbele ya kundi, na kila mshiriki hupita nyuma yake. Mgeni hufanya vyema kukaa pembeni na kuchelewa kidogo, maana katikati ya kundi matanga hunyang'anyana upepo. Kwenye boya la kugeuzia, wengi huanguka. Kulizunguka kwa mbali huokoa muda kuliko kujibana ndani.

Kwa kanuni ya kawaida ya tanga, anayepata upepo upande wa kulia ana haki ya njia. Hivyo anayerudi Gruissan, ambaye upepo u kushoto kwake, ndiye anayempisha anayekwenda, hata akiwa anaongoza mbio.

Anayeharibikiwa hukaa na ubao wake, kwa kuwa unaelea na unaonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu. Huomba msaada kwa kunyoosha mikono yote miwili pembeni, kuipandisha na kuishusha polepole hadi boti ya uokoaji imwone. Kuogelea kuelekea nchi kavu dhidi ya Tramontane hakuwezekani.