PrEP: Nani Analipa?

Kabla safari za kwenda Marekani hazijasimamishwa Januari 2025, kijana mmoja wa kikundi chetu aliniuliza: “Kaka, hapa PrEP napata bure. Nikifika kule, nani atanilipia?” Nikamjibu, “Bima.” Akasema, “Na bima itakubali kwa nini?” Hapo nilinyamaza. Nikaenda kusoma.

Kumbe hadithi inaanza huku kwetu. Wenzi zaidi ya 4,700 wa Kenya na Uganda, mmoja akiwa na virusi vya UKIMWI na mwingine hana, walikubali kushiriki utafiti. Julai 2011 majibu yalitoka: kidonge chenye dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa asilimia 73. Julai 2012 Marekani ikaruhusu kidonge hicho, Truvada, kitumike kwa kinga.

Lakini kuruhusiwa ni kitu kimoja, kulipiwa ni kingine. Bei yake kule ilipanda hadi zaidi ya dola 1,500 kwa mwezi, na bima ziliweza kumwachia mtu alipe sehemu yake mwenyewe. Wengi hawawezi.

Sheria ya afya ya Rais Obama ya mwaka 2010 ilikuwa na kipengele kimoja muhimu: huduma ya kinga ikipewa daraja A au B na jopo la wataalamu, karibu bima zote za binafsi lazima ziilipie yote. Juni 2019 PrEP ikapata A. Kufikia Januari 2021 bima nyingi zilikuwa zimebanwa na sheria hiyo. Bado kukawa na ujanja: kidonge bure, ila vipimo na kumwona daktari unalipa. Sasa, PrEP bila kupimwa virusi mara kwa mara ni hatari. Julai 2021 serikali ikasema wazi: na hivyo pia ni bure.

Halafu ikaja kesi. Kampuni ya Texas, Braidwood, ilidai kulipia PrEP ni kinyume cha imani yao, na kwamba jopo lile halikuteuliwa kufuatana na katiba. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 6 kwa 3, kwamba jopo ni halali kwa sababu waziri wa afya ana mamlaka juu yake. Bima zikaendelea kulipa. Lakini angalia sababu yenyewe: waziri anaweza kuwaondoa wanajopo na kusimamisha mapendekezo yao.

Sisi kambini hatuna kadi ya bima. Bima yetu ni barua ya mfadhili. Februari 2025, misaada ya Marekani ilipokatwa, ruhusa iliyotolewa kwa PrEP ilitaja wajawazito na wanaonyonyesha tu. Vijana wangu hawakuwa kwenye orodha. Nilipouliza kliniki, niliambiwa tusubiri. Virusi havisubiri.

Yule kijana hakusafiri. Swali lake bado ni lilelile, ila sasa tunaliuliza hapa hapa. Ndugu mkimbizi, ukienda kliniki uliza vitu vitatu: kidonge, vipimo, kumwona daktari, vyote vinalipiwa? Na ninyi mnaotuhudumia, sheria ikibadilika, ibandikeni ukutani siku hiyo hiyo, kwa lugha tunayosoma. Mtu asije akajua dirishani kwamba hayumo.