Mafuta Yetu, Macho Yetu: Habari za Sabuni Katika Picha za Sinema

Apitaye Birere mjini Goma, katika vichochoro vilivyobanana baina ya mpaka wa Gisenyi na mawe meusi ya volkano, huona maduka ya vipodozi ambamo sabuni, losheni na manukato vimepangwa toka chini hata darini. Na akituama kusikiliza, aghalabu atamsikia mnunuzi hataji kazi ya mafuta ayatakayo, bali anataja yale aliyoyaona mezani pa bibi arusi katika filamu ya juzi. Ujuzi huo wa jicho, wa kuitambua chupa katika taswira ipitayo mbio, wengi hudhani ni jambo la zama hizi za simu. Kumbe una tarehe ndefu, na tarehe hiyo, ijapokuwa ilianza mbali na ziwa letu la Kivu, ilitupitia watu wa Kongo mara mbili: kwanza kwa mafuta yetu, kisha kwa macho yetu.

Mwanzo wake uko Uswisi. Mwaka 1896, muda mfupi baada ya ndugu Auguste na Louis Lumière kuonyesha picha zao kwa malipo mjini Paris, palikuwa na Mswisi mmoja, François-Henri Lavanchy-Clarke, aliyeshika uwakala wa namna mbili: uwakala wa mashine ya sinema ya akina Lumière, na uwakala wa sabuni ya Sunlight ya kampuni ya Lever Brothers ya Uingereza. Bwana huyo alipiga picha ya wanawake wakifua nguo, na mbele yao akaweka makasha ya sabuni, jina likielekea kwa mtazamaji ili lisomeke bila ya taabu. Hapana aliyesema neno la kusifu bidhaa, kwani picha zilikuwa bubu. Lakini mikono iliyofua na jina lililotulia mbele yake vilitosha kuwa khutba. Hivyo sabuni ni miongoni mwa bidhaa za kwanza kabisa kuingizwa katika sinema kwa makusudi ya tijara.

Miaka 15 baadaye kampuni ile ile ilifika kwetu. Mwaka 1911 William Lever, mwenye kampuni hiyo, alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji, ikazaliwa Huileries du Congo Belge, yenye haki juu ya maeneo makubwa mno ya michikichi. Na huko Lusanga, katika nchi ya Kwilu, pakajengwa mji ulioitwa Leverville kwa jina lake. Watu walikwea michikichi kwa ujira hafifu, wengi wao kwa kulazimishwa, na dhuluma hiyo ilikuwa moja katika sababu za Wapende, watu wa nchi hiyo ya Kwilu, kuasi mwaka 1931, uasi uliozimwa kwa bunduki, wakauawa mamia ya watu. Mafuta yalisafiri kwa meli hata Ulaya, yakapikwa sabuni. Na katika zama hizo hizo, tangu mwisho wa miaka ya 1920, sabuni ya Lux ya kampuni hiyo ilitangazwa kwa nyuso za wanawake mashuhuri wa Hollywood, ulimwengu ukaambiwa kwamba uzuri wa nyota unatokana na povu lile. Jina la nyota lilichapwa, jina la sabuni likachapwa, wala jina la mkwea mchikichi halikuandikwa popote.

Ama macho yetu, hayo yaliwekewa walinzi. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Waafrika kuonyeshwa picha isiyopitishwa na tume yake, na mahali pa picha za Ulaya wakaonyeshwa za mapadre: Padre Van Haelst katika Kasai na vichekesho vyake vya Matamata na Pilipili, na hapa Kivu, kundi la Africa Films la Mapadre Weupe huko Bukavu. Sinema hizo zilikuwa darasa la adabu, ambamo mtazamaji alihesabiwa kuwa mtoto wa kufundishwa.

Wakati huo huo Hollywood yenyewe ilikuja kupiga picha katika nchi zetu. Filamu ya King Solomon's Mines, iliyotoka mwaka 1950, ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika, Rwanda na Kongo. Na humo mwigizaji Deborah Kerr, aliyechoka na joto la safari, anajikatia nywele zake ndefu kwa mkasi porini, kisha anaonekana amekaa juani, nywele zimepangika kana kwamba ametoka saluni saa hiyo. Hapana chupa iliyoonekana, wala jina lililosomwa. Na hapo ndipo penye siri kubwa ya vipodozi vya sinema, kwamba huwa na nguvu zaidi vinapofichwa, mtazamaji akaamini kwamba uzuri ule ni wa maumbile.

Baada ya uhuru zikaja kanda za video, kisha filamu za Tanzania, na Goma ikampenda marehemu mwigizaji Steven Kanumba kama mwana wake. Filamu hizi zilikuwa na nguvu ambayo Hollywood haikuwa nayo: mwanamke anayejipaka losheni mbele ya kioo anasema Kiswahili, anafanana na dada wa jirani, basi weupe wa ngozi yake huonekana kuwa jambo liwezekanalo. Kwa njia hiyo wako waliotafuta weupe huo katika mikorogo yenye zebaki, iharibuyo figo, na haidrokwinoni, iharibuyo ngozi.

Walakini Goma si mji wa watazamaji tu, bali ni wa watendaji pia. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipofunika kitovu chake cha biashara mwezi Januari 2002, mji haukufa. Na kituo cha Yolé!Africa, kilichoasisiwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimewafundisha vijana kushika kamera, na kimeandaa tamasha la filamu la Salaam Kivu. Na kwa upande wa sabuni, kaskazini ya mkoa wetu, huko Mutwanga chini ya Ruwenzori, kilianzishwa kiwanda cha SICOVIR, kikapika sabuni kwa mawese ya nchi hiyo hiyo na kwa umeme wa mto Butahu.

Basi wasia wangu kwa vijana wa kamera wa Goma ni huu: mtakapompiga picha mama akimwogesha mtoto, msiiache sabuni iwe ya nasibu, maana tangu mwaka 1896 hapana sabuni ya nasibu katika sinema. Wekeni ile iliyopikwa kwa mawese yetu, jina likielekea kwa mtazamaji. Na kabla yake, mwonyesheni mkwea mchikichi, tuuone uso wake.