Malaika Mmoja, Soksi Moja: Tarikhi ya Wingi Uliogeuka Umoja

Huko Mapera, katika milima ya Wamatengo wilayani Mbinga, mtu husema kwamba Mapera iko mbali na Songea, na papo hapo akasema kwamba mapera yameiva, wala hapana asikiaye hitilafu baina ya kauli hizo mbili, kwa kuwa jina la mahali limekwisha kutengana na hesabu ya matunda na kuhukumiwa kama kitu kimoja. Tunda lenyewe asili yake ni Amerika, na jina tulilitwaa kwa Wareno, ambao kwao ni jina la tunda jingine kabisa. Lakini maadamu neno lilifika pwani pasipo kiambishi chochote, wenyeji wakalipatia pera na mapera, kisha mti wake wakauita mpera na mipera. Ndivyo ulivyofanywa pia mbuni, mti wa kahawa ulio tegemeo la maisha ya Mbinga: shina lake ni la Kiarabu, “bunn”, likavishwa vazi la miti yetu, hata mkulima apogoaye mibuni yake hana haja ya kujua lilikotoka.

Hayo hayakuzusha mabishano. Yaliyoyazusha ni maneno yaliyotufikia yakiwa tayari ni wingi kwa wenyewe. Mwarabu humwita mmoja “malak”, na wengi ndio “malaika”. Mswahili akatwaa lile la wengi, akasema malaika ameshuka na malaika wameshuka, na leo hakuna padri wala shehe athubutuye kumkosoa. Kadhalika sahaba na fukara: kwa Kiarabu yote mawili ni majina ya kundi, ilhali kwetu sahaba ni mtu mmoja, na wakiwa wengi ni masahaba, fukara naye ni mmoja, na wenziwe ni mafukara. Wapo wenye elimu ya Kiarabu wakerekao hasa kwa neno maulamaa, wakidai kwamba wingi umepandishwa juu ya wingi. Nawaheshimu kwa elimu yao, lakini naona wanamhukumu mtu kwa sheria ya nchi aliyokwisha kuihama.

Na safari nyingine mambo yalikwenda kinyume. Neno “mismar” ni umoja kwa Mwarabu, lakini sikio la pwani lilisikia humo “mi” ya miti na mikono, likalifanya kuwa wingi, misumari, kisha likaunda umoja ambao haukuwako duniani, msumari. Kwa njia hiyohiyo “kitab” lilizaa vitabu, na “kibrit” likazaa vibiriti, na katika zama zetu madereva wakapata kipilefti na vipilefti kutokana na amri ya Kiingereza ya kushika kushoto.

Wataalamu wa kigeni waliotutungia sarufi na kamusi za mwanzo, kama Edward Steere mwaka 1870 na Krapf mwaka 1882, hawakuukaidi utaratibu huo. Wala mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, wala Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na kamusi ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939, havikuturudisha kwenye “kutub” mahali pa vitabu. Walifanya vema, kwani lau wangalishika njia ile nyingine, kila mwanafunzi angalilazimika kujifunza Kiarabu kwanza ndipo aruhusiwe kuhesabu vitabu vyake mwenyewe.

Kisha kikaja Kiingereza. Soksi kwao ni wingi, na kwetu mtoto hulia kwamba soksi yake moja imepotea, wala mama hamwulizi habari za sarufi. Mzozo umebaki kwenye data. Neno hili ni wingi kwa Kilatini, na Waingereza wenyewe wamelibishania muda mrefu, ijapokuwa ajenda, ambayo nayo ni wingi kwa Kilatini, waliifanya umoja wakanyamaza. Kwetu jina lenyewe halibadiliki. Upatanisho ndio ushuhudiao, na hapo mhariri mmoja huandika data hizi zimekusanywa, na mwingine data hii imekusanywa, kila mmoja akimwona mwenziwe amepotoka.

Mimi naona wote wawili wamesibu, na ithibati ninayo kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Mkulima akitazama shehena nzima iliyoanikwa, husema kahawa yangu imekauka. Haulizwi ni punje ngapi. Vivyo hivyo, data ikikusudiwa rundo zima, na iwe hii. Zikikusudiwa taarifa moja moja, za mkulima huyu na yule katika daftari la chama cha ushirika, na ziwe hizi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mapera aandikaye kwamba data hii inaonyesha mavuno yamepungua, asikatwe alama kwa hoja ya Kilatini, lugha ambayo hata mwalimu wake hakutahiniwa nayo.