Umeona kiumbe usichokijua kwenye matumbawe? Anza na umbo, siyo rangi

Umezama Mnemba au Watamu, maji ya mita tano tu, mara kinapita kitu hujawahi kukiona. Wengi wanakariri rangi, na hapo ndipo wanapopotea. Wekundu huanza kufifia mita chache tu chini ya maji, kwa hiyo samaki mwekundu unaweza kumuona wa kijivu. Tena samaki hubadilika na umri. Pomacanthus imperator akiwa mdogo ni wa buluu iliyokolea mwenye duara nyeupe. Akikua anavaa mistari ya njano. Wataalamu wa zamani waliwapa majina mawili wakidhani ni samaki tofauti! Pono nao, dume na jike mara nyingi hawafanani.

Angalia mdomo, mkia, mapezi na mwendo. Pono anapiga mapezi ya ubavuni kama ndege, mkunga anajipinda kama nyoka.

Kuna bunju mdogo mwenye mikanda minne myeusi mgongoni. Ukimla, ana sumu. Sasa yuko samaki mwingine asiye na sumu anayemuiga mpaka mikanda, ili asiliwe. Utamjua kwa pezi la mgongoni: la bunju ni fupi, la mwigaji limetambaa refu. Ndiyo maana bunju si samaki wa kukisia.

Ukikuta kitu laini chenye rangi kali, tazama mgongo. Konokono wengi wasio na kombe wana pembe mbili kichwani na shada la matamvua kwa nyuma. Mnyoo bapa ni mwembamba kama jani na hana shada hilo.

Usiguse chochote. Konokono mwenye kombe la umbo la koni huchoma kwa mshale wa sumu. Conus geographus ameshaua watu, na dawa ya kuua sumu yake haipo. Samaki jiwe akikuchoma, toka majini, loweka jeraha kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45 kwa dakika 30 hadi 90, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Kama una kamera, piga picha ya ubavuni, ya kichwa, na moja ya mbali inayoonyesha mahali alipokuwa. Andika kina na saa, kisha pandisha kwenye iNaturalist, ambako watumiaji wengine husaidia kutambua. Picha ya mkia unaokimbia haisaidii mtu.